Stephen Hawking na Maana ya Kujiweza

Alipofariki Stephen Hawking mjini Cambridge tarehe 14 Machi 2018, akiwa na umri wa miaka 76, dunia ilimuaga kwa maneno na kwa michoro. Mingi katika michoro iliyosambaa ilikuwa ya namna moja: kiti cha magurudumu kimebaki kitupu, na mwenyewe amesimama kwa miguu yake, anaondoka zake kuelekea kwenye nyota. Wachoraji walikusudia wema, na hapana shaka wengi waliitazama kazi yao kwa machozi ya mapenzi. Hata hivyo, watu wenye ulemavu katika nchi mbalimbali waliipokea kwa uchungu. Walisema kwamba kiti kile ndicho kilichompeleka darasani, ukumbini na mikutanoni, na kwamba anayekichora kama jela iliyofunguliwa mlango amekwisha kuamua moyoni kuwa maisha ya mtu wa kitini ni nusu ya maisha.

Ubishi huo, ukitazamwa vyema, ni ubishi wa uhakiki. Unahusu namna ya kuyasoma maisha ya mtu aliyekuwa maarufu kuliko wanasayansi wote wa zama zake. Yupo Hawking wa masimulizi ya watu: akili tupu iliyouacha mwili nyuma, shujaa aliyeyashinda maradhi peke yake. Na yupo Hawking wa maandishi yake mwenyewe, ambaye husomwa kwa nadra zaidi ingawa vitabu vyake viliuzwa kwa mamilioni. Huyu wa pili anadhihirika katika kurasa chache tu alizoandika kwa kupishana miaka 23: shukrani za kitabu chake cha mwaka 1988, na dibaji ya ripoti ya dunia kuhusu ulemavu ya mwaka 2011. Baina ya kurasa hizo mbili neno moja, bahati, linabadilika kazi. Kulifuata neno hilo ni kuufuata mchango wake hasa kwa umma.

Hawking alizaliwa Oxford tarehe 8 Januari 1942. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu huko Cambridge, kijana wa miaka 21, pale madaktari walipombaini, mwaka 1963, kuwa na maradhi ya neva zinazoendesha misuli. Walimkadiria umri wa miaka miwili. Akaishi miaka 55. Mwaka 1965 alimwoa Jane Wilde, wakajaaliwa watoto watatu. Mwaka 1974 alichapisha katika jarida la Nature hoja iliyomjengea jina: kwamba shimo jeusi, yaani kitu kizito kilichojiporomokea hata mwanga ukashindwa kuchomoka, si jeusi kabisa. Hutoa joto dogo mno, na kwa kulitoa hupungua kidogo kidogo hata mwisho litoweke. Joto hilo halijapata kupimwa katika shimo jeusi lolote angani, lakini hesabu yake ilizikutanisha nadharia ambazo kabla yake zilikuwa kama majirani wasioamkiana. Mwaka uleule aliingizwa katika Royal Society, na tangu 1979 hadi 2009 alikikalia kiti cha Profesa wa Lucas wa hisabati, ambacho karne tatu kabla kilikaliwa na Isaac Newton.

Yote hayo yangemfanya mashuhuri miongoni mwa wenziwe. Kilichomleta katika majumba ya watu wasiojua hesabu ni kitabu kimoja, A Brief History of Time, kilichotoka mwaka 1988. Hawking hakuona haya kukiri kwamba alianza kukiandika kwa haja ya fedha: alitaka kumlipia binti yake karo ya skuli. Alitaka pia kiwe kitabu cha kuuzwa katika vibanda vya viwanja vya ndege, karibu na riwaya za mapenzi na za upelelezi. Rasimu ya kwanza ilikuwa tayari mwaka 1984. Mhariri wake, Peter Guzzardi, akawa anamrudishia sura baada ya sura pamoja na orodha ndefu ya mambo ambayo yeye msomaji wa kawaida hakuyaelewa, na hakukubali mpaka ameelewa. Wengi hulisahau jambo hilo wanapokisifu kitabu kwa wepesi wake. Wepesi ule ulitokana na ubishi wa watu wawili, mmoja anayejua na mmoja anayeuliza, na huyo wa pili hakuona aibu kuuliza.

Mafanikio yalikuja kwa kishindo. Kitabu kilikaa majuma 237 katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi ya gazeti la Sunday Times la Uingereza, na nakala zake zilizouzwa zilipita milioni 10. Mzaha ukaenea kuwa ndicho kitabu kilichonunuliwa sana na kusomwa kidogo. Mzaha huo una ukweli ndani yake, lakini hautoshi kuwa hukumu. Kitabu kilichonunuliwa na watu milioni 10, hata kama nusu yao waliishia katikati, kiliwapa mamilioni ya watu ruhusa ya kujiuliza ulimwengu ulianzaje, swali ambalo hapo kabla walidhani ni la wataalamu tu.

Kwa upande wa fani, kitabu kina mambo yanayostahili kutazamwa na kila mpenzi wa lugha. Kinafungua kwa kisa: mwanasayansi anamaliza mhadhara wake juu ya sayari na jua, bibi kizee anasimama na kumwambia kuwa dunia ni sahani iliyobebwa na kobe, na kobe huyo amesimama juu ya kobe mwingine, hivyo hivyo mpaka chini. Msomaji aliyezisikia hekaya za kale za ng'ombe na samaki waliobeba ardhi hatoona ugeni wowote. Hawking anamcheka bibi yule kwa upole, kisha anamgeukia msomaji na kumwuliza: nawe unajuaje kwamba ujuacho ni bora kuliko cha bibi? Kitabu kizima ni jitihada ya kulijibu swali hilo kwa ushahidi.

Mlinganyo umo mmoja tu, ule maarufu wa Einstein. Alikwisha kuonywa kwamba kila mlinganyo utakaoongezwa utapunguza wanunuzi kwa nusu. Mahali pa hesabu palijazwa na tamathali, na hapa ndipo mhakiki anapoweza kumsifu na kumlaumu kwa wakati mmoja. Taswira yake ya mtu anayetumbukia katika shimo jeusi huku akivutwa na kurefushwa kama tambi ni sahihi na haisahauliki. Lakini taswira yake ya joto la shimo jeusi, kwamba chembe mbili pacha huzaliwa ukingoni, mmoja akamezwa na mwenziwe akaokoka, ni picha iliyorahisishwa kupita kiasi. Wanafizikia wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba hesabu ya mwaka 1974 haikufanywa hivyo. Tamathali nzuri humfikisha msomaji mlangoni. Ikimwambia kuwa ameshaingia ndani, imemdanganya. Na sura ya nane, inayozungumzia ulimwengu usio na ukingo wala mwanzo katika wakati wa kufikirika, hata tamathali haikuiokoa. Mwaka 2005 Hawking mwenyewe, akishirikiana na Leonard Mlodinow, alikitoa tena kitabu kile katika umbo jepesi zaidi na kukiita A Briefer History of Time. Kwa kufanya hivyo alikubali kwamba msomaji aliyekwama hakuwa na kosa.

Baina ya rasimu ya mwaka 1984 na toleo la mwaka 1988 kuna msiba. Katika kiangazi cha mwaka 1985 Hawking alikuwa Geneva, akizuru kituo cha utafiti cha CERN, akashikwa na nimonia. Madaktari walimwekea mashine ya kupumulia na kumwuliza mkewe kama wangeizima. Jane alikataa. Mgonjwa akarejeshwa Cambridge kwa ndege, koo likatobolewa apate njia ya hewa, na sauti yake, ambayo tayari ilikuwa imefifia hata wachache tu ndio walioweza kuisikiliza, ikakatika moja kwa moja. Kwa muda alizungumza kwa kuinua nyusi tu, pale mtu mwingine alipomwonesha herufi anayoitaka kwenye kadi.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa Hawking methali hiyo ilitimia kwa maana halisi ya neno. Kidole kimoja ndicho alichobaki nacho: alikibofya kitufe kwa mkono na kuchagua neno baada ya neno kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Lakini kidole hicho kilikuwa na wenzake wengi. Programu aliyotumia iliandikwa na Walt Woltosz wa California, ambaye alianza kuitengeneza kwa ajili ya mama mkwe wake aliyekuwa na maradhi hayo hayo. Kompyuta ilifungwa kwenye kiti na fundi wa Cambridge, David Mason. Sauti ilitokana na kazi ya Dennis Klatt, mtafiti wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuifundisha mashine kutamka, na aliyeifinyanga sauti ile kutokana na sauti yake mwenyewe. Klatt alifariki mwaka 1988, mwaka uleule kitabu kilipotoka.

Kwa kifaa hicho, katika siku zake bora, Hawking alifikia kiasi cha maneno 15 kwa dakika. Misuli ya mkono iliposhindwa, alitumia msuli wa shavu, na katika miaka yake ya mwisho kasi ilishuka mpaka neno moja au mawili kwa dakika. Mshairi anayehesabu mizani anajua maana ya kulipia kila neno. Kwa mtu wa namna hii hakuna nafasi ya neno la kujazia. Mihadhara yake na vitabu vyake vya baadaye vina sentensi fupi, kauli zisizozunguka, na mzaha unaokuja bila ya kutangazwa kisha ukapita. Si kila ufupi ni uzuri, na baadhi ya kurasa zake zimekauka mno. Lakini kurasa zilizo bora zina uzito wa mtu aliyelipima neno kabla ya kulitoa.

Sauti yenyewe ilimletea umaarufu na pia dhana isiyo sahihi. Ilikuwa na lafudhi ya Kimarekani, naye Mwingereza. Zilipokuja sauti bora zaidi alizikataa, akasema hii ndiyo sauti yake sasa. Walikuwapo walioona kuwa sauti ya mashine si sauti ya mtu. Jambo hili lisingemsumbua sana msikilizaji wa taarabu. Pwani imezoea kwa karne nyingi kwamba atungaye ni mmoja na aimbaye ni mwingine. Shairi huandikwa na malenga barazani kwake na kutamkwa jukwaani na koo la mtu mwingine, na hakuna anayesema kwamba limeacha kuwa lake. Hawking alitunga, Klatt akaimba. Umiliki wa maneno haukuhama.

Sasa zitazamwe shukrani za mwaka 1988. Ni kurasa chache, na wasomaji wengi huziruka. Hapo Hawking anasema kwamba, ukiacha kisirani cha kupatwa na maradhi yale, amekuwa na bahati karibu katika kila jambo jingine. Amepata mke na watoto waliomwezesha kuishi maisha yaliyokaribia kuwa ya kawaida. Amechagua fizikia ya nadharia, kazi inayofanyika kichwani. Anawataja waliompa kompyuta na waliomsaidia kazi, na anazungumzia wauguzi na fedha za kuwalipa. Ni ukurasa wa muungwana, wenye adabu ya mtu anayejua fadhila. Lakini bahati iliyomo humo ni ya mtu mmoja. Msomaji anaifunga shukrani na kuingia katika nyota, asijiulize itakuwaje kwa yule asiye na bahati.

Baadaye Hawking aliandika kwamba hapana shaka habari za ulemavu wake zilisaidia kukiuza kitabu, na kwamba aliyekinunua kwa ajili hiyo alipata hasara, maana humo zimetajwa mara mbili tatu tu. Kwa muda mrefu alitaka kuhesabiwa kwanza kama mwanasayansi, na hakupenda kufanywa msemaji wa watu wenye ulemavu. Ni haki ya kila mtu kutotaka kuwa mfano. Hata hivyo ukimya wake ulijazwa na masimulizi ya wengine, na masimulizi hayo yakamfanya shujaa asiyehitaji mtu.

Anayetaka kuona shujaa huyo alikuwa akiishije asome vitabu vya Jane Hawking: Music to Move the Stars cha mwaka 1999, na Travelling to Infinity cha mwaka 2007, ambacho ndicho kilichozaa filamu ya mwaka 2014. Jane alikuwa mwanafunzi wa mashairi. Tasnifu yake ya uzamivu ilihusu ushairi wa Uhispania wa zama za kati, na ilimchukua miaka mingi kuimaliza kwa kuwa mikono yake ilikuwa ikimlisha, ikimvisha na kumnyanyua mume, huku ikilea watoto. Hakuna anayeweza kuyasoma maelezo yake kisha akaendelea kuamini hekaya ya akili isiyo mwili. Mwili ulikuwapo kila asubuhi, na ulikuwa mzito, na kulikuwa na mtu wa kuubeba. Baada ya mwaka 1985, haja ya wauguzi wa usiku na mchana ilipozidi uwezo wa familia na msaada uliopatikana nchini, fedha zilitoka kwenye taasisi ya MacArthur ya Marekani. Ndoa ile ilivunjika mwaka 1995. Uhakiki hauna kazi ya kuhukumu ndoa za watu. Inatosha kusema kwamba vitabu vya mke ni nusu ya pili ya kitabu cha mume, na atakayekisoma kimoja bila ya vingine amesoma shairi lililokatwa ukwapi au utao.

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 Hawking alikuwa miongoni mwa watu mashuhuri, pamoja na Askofu Desmond Tutu wa Afrika Kusini, waliotia saini mkataba wa milenia ya tatu uliozitaka serikali kuzuia ulemavu unaozuilika na kulinda haki za watu wenye ulemavu. Mwaka 2009 gazeti moja la Marekani, likiupinga mfumo wa tiba wa Uingereza, liliandika kwamba mtu kama Hawking asingekuwa na nafasi ya kuishi chini ya mfumo huo, likasahau kwamba aliishi chini ya mfumo huo huo. Yeye alijibu kwa ufupi wake wa kawaida kwamba bila ya huduma hiyo ya umma asingekuwa hai.

Kisha ikaja dibaji ya mwaka 2011. Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia walitoa ripoti ya kwanza ya aina yake, iliyokadiria kwamba watu zaidi ya bilioni moja, sawa na asilimia 15 hivi ya wanadamu, wanaishi na ulemavu wa namna fulani. Hawking aliombwa dibaji. Angeweza kuandika maneno ya kutia moyo na kumaliza. Badala yake alitoa hesabu. Ametibiwa kwa tiba ya daraja la kwanza. Ana kundi la wasaidizi wanaomwezesha kuishi na kufanya kazi kwa heshima. Nyumba yake na mahali pake pa kazi vimetengenezwa ili aweze kupita. Wataalamu wa kompyuta wamempa njia ya kusema. Na hayo yote, anasema, ameyapata kwa kuwa alifanikiwa katika fizikia, ilhali watu wengi wenye ulemavu duniani wanahangaika hata kupata riziki ya siku. Kisha anasema kuwa kuviondoa vikwazo hivyo ni wajibu wa kimaadili, na kwamba serikali haziwezi tena kuwapuuza mamia ya mamilioni ya watu.

Ukilinganisha dibaji hii na shukrani za mwaka 1988 utaona kwamba orodha ni karibu ile ile: tiba, wasaidizi, kompyuta, sauti. Mpya ni hitimisho. Mwaka 1988 bahati inadai shukrani. Mwaka 2011 bahati inadai ufafanuzi: kwa nini kitu kinachomfanya mtu aishi kiwe ni cha kubahatisha? Mtu aliyetumia maisha yake kuonesha kwamba matukio ya angani yana kanuni alifikia kukataa kwamba maisha ya binadamu yaachiwe sadfa. Hii ndiyo sentensi yake kubwa kwa umma, ingawa imo katika ripoti ambayo haikuuzwa katika kiwanja chochote cha ndege.

Matendo yake ya baadaye yaliifuata hoja hiyo. Tarehe 29 Agosti 2012 alizungumza katika ufunguzi wa michezo ya walemavu mjini London, akasema kwamba hakuna binadamu wa kipimo kimoja ambaye wengine wapimwe kwake. Mwaka 2015 kampuni ya Intel, iliyokuwa ikimhudumia tangu 1997, iliitoa bure programu iliyotengenezwa kwa ajili yake ili na wengine waitumie. Kifaa cha mtu mmoja kikawa cha yeyote mwenye kompyuta. Mwaka 2017 alisimama hadharani kumpinga waziri wa afya wa Uingereza kwa namna alivyochagua ushahidi wa kumfaa, na mwaka uleule akajiunga na waliolipeleka mahakamani suala la mageuzi ya huduma hiyo. Alifariki miezi michache baadaye, na majivu yake yakazikwa Juni 2018 katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na Newton na Darwin.

Uhakiki wa haki hauna budi kutaja na upungufu. Umaarufu ulimpa kipaza sauti, na si kila mara alikitumia pale alipokuwa na ujuzi. Katika The Grand Design, alichoandika na Mlodinow mwaka 2010, alitangaza kwamba falsafa imekwisha, kisha akaendelea kwa kurasa nyingi kufanya falsafa. Humo pia alidai kuwa ulimwengu hauhitaji Muumba ili uwepo, ilhali sentensi ya mwisho ya kitabu chake cha kwanza iliwafanya wengi wadhani kuwa ni mtu wa imani. Msomaji mwenye dini yake anaweza kumwachia Hawking hitimisho hilo na kubaki na hesabu zake, hesabu haikulitamka.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 2015, katika mahojiano na BBC, alisema angefikiria kusaidiwa kufa iwapo atakuwa na maumivu makali, au akiona hana tena la kuchangia na amebaki mzigo kwa waliomzunguka. Kila mtu ana uchungu wake na hapana awezaye kumsemea. Lakini neno mzigo likitoka kwa mwandishi wa dibaji ile linashtua. Maana likikubaliwa kwamba thamani ya mtu ni mchango wake, basi yule asiye na hesabu za mashimo meusi, asiye na kitabu wala cheo, amekwisha kuhukumiwa. Hapa Hawking wa masimulizi alimpiku Hawking wa maandishi, na msomaji anayemheshimu hana haja ya kumfichia.

Mgogoro huo una sura yake katika Kiswahili. Mtu mwenye ulemavu huitwa asiyejiweza, na matangazo ya sadaka hutaja mayatima, wajane na wasiojiweza kwa pumzi moja. Kiambishi ji kimebeba hukumu nzima: kwamba wengine wote wanajiweza. Majina ya zamani, kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, yamekaa katika ngeli ya vitu, ingawa kijana na kiongozi nao wamo humo, na ingawa msemaji humpa kila mmoja wao upatanisho wa kiumbe hai. Miongo ya karibuni imeleta mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu, ambapo utu umetangulia. Ni hatua njema. Lakini kujiweza bado kumebaki mahali pake, na ni neno hilo ambalo maisha ya Hawking, yakisomwa sawasawa, yanalitikisa. Aliyekikalia kiti cha Newton hakuweza kujinywesha maji. Alijiweza kwa mikono ya watu wengi, kama anavyojiweza waziri kwa makarani wake na nahodha kwa mabaharia wake. Tofauti ni kwamba yeye mikono yake ilionekana.

Hujafa hujaumbika, husema watu wa pwani wanapomkataza mtoto kumcheka kilema. Methali hiyo hufunza huruma kwa kumkumbusha mtu kwamba ya leo kwa mwenzio ni ya kesho kwako. Dibaji ya mwaka 2011 inakwenda hatua moja mbele: kama kila mmoja hajamaliza kuumbwa, basi nyumba, skuli na hospitali zijengwe kwa kulijua hilo. Sheria zimekwisha kuandikwa. Kenya ilitunga yake mwaka 2003, Zanzibar mwaka 2006, Tanzania Bara mwaka 2010, na juu yake uko mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar umekuwa ukiyadai haya tangu miaka ya 1980, bila ya mtu maarufu wa kuwaandikia dibaji. Lakini atakayepita Mji Mkongwe akahesabu vizingiti virefu na ngazi za mawe zilizosimama wima ataona umbali uliopo baina ya sheria na mlango.

Barani Afrika Hawking alifika Mei 2008, akaonana na Nelson Mandela, na kuuzindua mpango wa taasisi ya hisabati ya AIMS, nje kidogo ya Cape Town, wa kuwatafuta vijana wa Kiafrika wenye vipaji vya sayansi. Kituo cha taasisi hiyo kwa Tanzania kilifunguliwa Bagamoyo mwaka 2014. Nia ilikuwa njema, kwamba mwanafizikia mkubwa ajaye atoke Afrika. Katika vijana wanaotafutwa yumo, bila ya shaka, msichana au mvulana wa kitini ambaye hajapata hata kufika skuli, kwa sababu njia ni ya mchanga na darasa liko ghorofani.

Kwa ajili ya huyo, mwalimu anayetaka kumfundisha Hawking asianzie kwenye sura ya mashimo meusi. Aanze na shukrani za mwaka 1988 na dibaji ya mwaka 2011, azisomeshe pamoja, kisha awaulize wanafunzi wahesabu: ni watu wangapi wametajwa humo, na ni wangapi kati yao wanapatikana katika mtaa wao?